Tarehe Tatu, Mwezi wa Nne

Addis Ababa, 22 Oktoba 2018

Dada Askale, shikamoo.

Sisi huku wazima. Mtoto anaota meno na anamuuma kila anayembeba, na mke wangu Rahel anasema hizo ni tabia za shangazi yake wa Dessie. Pilipili ya berbere uliyotuma imefika, ila mfuko ulipasuka njiani, kwa hiyo abiria wote wa dereva Tefera wameingia Addis wakipiga chafya. Siagi ilisalimika.

Ningekupigia, lakini sheria yako ya tangu nikiwa shule ya bweni naikumbuka: simu ni ya salamu, jambo la maana huandikwa.

Jambo lenyewe ni programu. Ina wiki sita sasa kwenye kliniki yako, na nakala za orodha mnazonitumia kila wiki zinaonyesha inakwenda vizuri. Mama Bosena wa mapokezi bado anaitazama kama mkwe asiyemtaka? Mwambie kazi yake ni ndogo. Aandike siku na mwezi wa mgonjwa kurudi, basi, mwaka programu inajijazia. Siku moja kabla, mgonjwa anapata ujumbe kwenye simu, na asubuhi jina lake liko kwenye skrini. Zile kadi za karatasi pelekeni stoo, panya nao wapate kusoma.

Nimempa Tefera flashi yenye toleo jipya. Nimelitengeneza kwa ajili ya wakubwa. Kuna umoja wa kliniki kumi na nne, watakutana mwezi Machi kuchagua programu moja ya kutumia wote, na wafadhili wao ni wageni wanaotaka kila kitu kiwe kwa namna yao. Wakiichagua yangu, Rahel ataacha kuniuliza kwa nini niliacha kazi ya benki. Nakuomba barua ya sifa, Dada. Neno la daktari mwenye miaka ishirini na sita kazini lina uzito kuliko maneno yangu yote.

Mdogo wako,
Dagim

—

Dessie, 20 Tikimt 2011

Mdogo wangu Dagim,

Barua yako imefika, nayo ina tarehe ya nchi gani? Mimi niliyekulea nilikufundisha kwamba mwaka huanza Meskerem, maua ya manjano yakichanua, na kwamba huu ni Tikimt, mwezi wa pili. Umekaa Addis miaka miwili na tayari umetutangulia miaka saba. Haya, kimbia, sisi tutakufuata kwa miguu.

Baridi imeanza kushuka kutoka mlima Tossa. Magoti yangu yanajua kabla ya redio. Mpe mtoto mkate mkavu autafune, hata wewe ulikuwa unauma.

Flashi nimeiweka jana. Kusema kweli mashine yako imenipa pumzi. Zamani mtu alikuja na shangazi yake, shangazi na jirani yake, na wote waliapa kwamba wamepangiwa leo. Sasa nimebandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wangu: anayesema amepangiwa leo, na jina lake halimo kwenye skrini, hakupangiwa. Mama Bosena amenuna. Wewe unamjua, miaka kumi na tisa amewapangia watu kwa siku za watakatifu, njoo siku ya Mikaeli, njoo siku ya Maria, hadi Waislamu wa hapa wanazijua siku hizo kuliko mashemasi. Bado anawaandikia kijikaratasi cha tarehe wanapoondoka. Nimemwachia hicho, kila mtu ana uraibu wake.

Hayat Endris, yule binti mfumaji aliyewekewa mlango wa chuma ndani ya moyo, anaendelea vizuri. Unakumbuka nilivyohangaika naye. Kila tarehe tatu anakuja, namtoa damu, nampa vidonge vya mwezi mmoja vya kuizuia isigande. Akikosa vidonge hivyo damu itaganda kwenye chuma kile na kumwua, au kumlemaza. Yeye ndiye mgonjwa wa kwanza tuliyemwingiza kwenye mashine yako. Alicheka alipoliona jina lake.

Barua ya sifa utaipata. Kula vizuri.

Dada yako,
Askale

—

Dessie, 12 Tahsas 2011

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila mbuzi wa jirani amekula shuka zangu mbili kwenye kamba, na jirani anasema zilikuwa zinaning'inia kichokozi.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ya barua yako ya sifa, na kila nikikaa nakuta jambo linanikera. Kliniki imepoa. Mwanzo nilifurahi. Nikasema ni mavuno, watu wako mashambani, halafu na mfungo umeingia. Lakini wenye kifafa hawavuni pamoja na wenye kisukari siku moja. Asubuhi naikuta skrini ina majina mawili, matatu.

Mama Bosena ananiambia kuna watu wanakuja na anawarudisha kwa kuwa majina yao hayamo. Nilimjibu kwamba wamekosea siku, kama walivyokuwa wakikosea zamani, tofauti ni kwamba sasa tuna mashine ya kuwaumbua. Alinyamaza. Mama Bosena akinyamaza huwa ana neno.

Hata Hayat sijamwona mwezi huu. Labda amekwenda kwa mama yake kuvuna teff. Nilitazama orodha ya waliochelewa na jina lake halimo, kwa hiyo moyo ukatulia kidogo. Mashine ingeniambia, au sivyo?

Askale

—

Addis Ababa, 27 Desemba 2018

Dada, shikamoo.

Wote wazima. Meno mawili yameshatoka. Rahel anakusalimu.

Kwa mkono wa Tefera kuna flashi nyingine. Tafadhali iweke leo hii ikikufikia, usingoje Jumapili. Ina rangi nzuri zaidi. Na kwa muda, kama mgonjwa anakuja na jina lake halimo, mwache aingie tu.

Huyo Hayat, si vibaya ukimtuma mtu akamtazame. Ni kwa ajili ya moyo wako kutulia.

Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi.

Dagim

—

Dessie, 2 Tir 2011

Dagim,

Salamu kwa Rahel na mtoto. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilinifikia tarehe 21 Tahsas, na flashi niliiweka siku hiyo hiyo. Ulisema nimtume mtu kwa Hayat ili moyo wangu utulie. Moyo wangu ulikuwa umetulia kwa sababu ya ile orodha yako, na sikukuu ya kuzaliwa Kristo ilikuwa karibu, basi nikasema baada ya Genna.

Siku moja kabla ya Genna mumewe alimleta juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wamebeba. Kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, na maneno hayatoki. Ana miaka ishirini na minne. Alinitazama kwa macho yale yale aliyochekea siku ile, nikashindwa kuyatazama. Tumempeleka hospitali. Ataishi, wamesema. Kufuma sijui.

Mumewe anasema vidonge vilikuwa vinaisha, akaanza kuvikata nusu, halafu robo, ili vimfikishe hadi ujumbe uje kwenye simu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri ujumbe.

Nilifungua jina lake kwenye mashine. Tarehe ya kurudi imeandikwa 25 Megabit, karibu miezi mitano kutoka alipokuja. Hakuna daktari mwenye akili angempangia hivyo mtu wa vidonge vile. Nikamwita Mama Bosena. Aliapa kwa Maria kwamba aliandika tarehe tatu, mwezi wa nne, yaani tatu Tahsas, na mimi nilikuwa namwonyesha skrini kwa kidole. Nilimwambia maneno ambayo sitaki kuyarudia hapa. Nimemwondoa kazini. Alichukua mto wake wa kukalia na kikombe chake, akaondoka bila kugeuka.

Kitu kimoja tu kinanikwaruza. Rangi nzuri zilikuwa na haraka gani?

Askale

—

Dessie, 25 Tir 2011

Dagim,

Tefera amekuja mara tatu mikono mitupu. Anasema anakukuta, unamwambia barua bado. Mtu mwenye maneno mengi kama wewe.

Jana nilikwenda kumwona Hayat. Mumewe alinipa kijikaratasi alichokuwa amekihifadhi ndani ya Kurani. Mwandiko wa Mama Bosena: tatu Tahsas. Akaniambia mkewe alikuja siku hiyo hiyo. Alitembea kwa saa tatu, akasimama dirishani, akaambiwa jina lake halimo, arudi atakapoitwa. Alikuwa na karatasi hiyo mkononi.

Nilirudi nyumbani nikakaa na kalenda mbili mezani, yetu na ile ya wageni niliyopewa na kampuni ya dawa. Ishirini na tano Megabit yetu ni siku gani kwao? Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, mara mbili. Ni tarehe tatu Aprili. Mwezi wetu wa nne ni Tahsas, mwezi wao wa nne ni Aprili. Mama Bosena aliandika tatu na nne, kama alivyoandika siku zote, na mashine ikaisoma kizungu, kisha ikanionyesha kwa jina letu, Megabit.

Kisha nikafungua majina mengine, moja baada ya jingine. Watu sitini na mmoja, wote wamesukumwa miezi mbele, wote waliopangiwa tangu flashi ile ya kwanza hadi ile ya rangi.

Sitaki maelezo. Nataka neno moja. Ulipotuma zile rangi, ulikuwa unajua?

Askale

—

Addis Ababa, 9 Februari 2019

Dada,

Ndiyo.

Nimechana barua nne kabla ya hii. Toleo la wakubwa nililigeuza kalenda kwa ajili ya wafadhili wao, nikakusudia lako nilirudishe kwenye kalenda yetu kabla ya kumpa Tefera flashi. Nilisahau. Hiyo ndiyo flashi ile ya kwanza. Tarehe 15 Desemba nilikuwa napitia nakala yenu ya wiki, nikaona mwezi ule hauna watu na Aprili imejaa, nikajua papo hapo.

Nilipaswa kukupigia dakika ile ile. Badala yake nilikaa siku kumi na mbili natengeneza. Nilijidanganya kwamba nikirekebisha itakuwa kama haikutokea. Rekebisho lenyewe lilishika kwa tarehe mpya tu, za zamani zilibaki zilipo, na hilo pia nililijua. Nilipoona umemtaja Hayat niliogopa hata kutamka, nikaandika yale ya moyo kutulia. Kila siku nauona mstari ule.

Mama Bosena hakukosea kitu. Naomba umrudishe.

Na ninakuomba jambo moja, Dada, kama mtoto uliyemlea. Mkutano wa umoja ni tarehe 14 Machi. Kuna kliniki nyingine mbili zenye toleo lile, nimezirekebisha bila kelele, kwao hakuna aliyeumia, nadhani. Usiwaandikie watu wa umoja kabla ya siku hiyo. Wakishachagua nitasema mwenyewe. Nina mtoto, nina mkopo wa ile kompyuta, na hii ndiyo nafasi yangu pekee.

Dagim

—

Dessie, 10 Yekatit 2011

Mdogo wangu,

Rahel na mtoto wawe na afya. Nimeanza na hilo kwa sababu nimekasirika kiasi cha kusahau adabu.

Umeandika "nadhani." Hakuna aliyeumia, nadhani. Mimi nilidhani ni mavuno. Tazama kudhani kulikotufikisha.

Nilikwenda kwa Mama Bosena siku nilipopata barua yako. Alikaanga kahawa mbele yangu, akaitwanga, akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Niliomba radhi tangu cha kwanza. Baada ya cha tatu akasema:

"Daktari, mimi nilimwona ameshika karatasi yangu. Mwandiko wangu. Nikaiamini mashine kuliko mkono wangu, kwa sababu wewe ulibandika mlangoni."

Ile karatasi nimeibandua mwenyewe. Kwa hiyo usifikiri nakutwisha mzigo wote. Wewe ulisahau, mimi niliamuru. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikujua na wewe ulijua.

Tumewatafuta wote. Mama Bosena amerudi kazini, alizitoa kadi stoo, panya walikuwa wamefika herufi za mwanzo tu, na kwa siku sita tumepiga simu, tumetuma watu sokoni, tumemtuma hadi mwadhini na padri. Sitini tumewapata. Wawili walikuwa taabani, wanaendelea. Mmoja bado, mzee wa kifafa kutoka njia ya Kutaber, simu yake haiiti.

Mashine sijaitupa. Usiniogope kwa hilo. Ilinionyesha kwa dakika tano wote sitini na mmoja, kazi ambayo kadi zingenichukua wiki. Lakini kila jioni Mama Bosena anasoma orodha kwa sauti, anailinganisha na daftari lake, na akisema hapana, ni hapana.

Uliniomba barua ya sifa. Imo humu, ya kuwapa umoja, sijaifunga. Nimesifu kinachosifika. Kisha nimeandika yote yaliyotokea, kwa tarehe, za kwetu na za kwao, pamoja na karatasi yangu ya mlangoni. Sitaituma kwa njia nyingine. Utaipeleka wewe kwa mkono wako, kabla hawajachagua, au hutaipeleka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeona wengi wakiumbuliwa.

Ukiipeleka, njoo sikukuu ya Pasaka, Fasika yetu, nitachinja kuku. Usipoipeleka, usije. Nimelia nikiandika sentensi hiyo, lakini siifuti.

Askale

—

Addis Ababa, 8 Megabit 2011

Dada Askale, shikamoo.

Mtoto ana meno sita. Rahel anajua yote sasa, nilimwambia kabla ya mkutano. Siku mbili hakusema nami, siku ya tatu akanipigia pasi shati.

Nilisimama mbele yao juzi Alhamisi. Nilikuwa nimepewa nusu saa ya kuonyesha skrini. Sikuiwasha. Nilisoma barua yako tangu salamu hadi jina lako, na nilipofika kwa Hayat kuvikata vidonge niliiweka barua mezani, nikanywa maji, nikaendelea. Halafu nikasoma sehemu ambayo hukuiandika, zile siku kumi na mbili.

Kulikuwa na muuguzi mmoja mzee, mwenye kliniki ya Ambo. Aliuliza:

"Ni nani mwingine anayo hii?"

Nilisema ni wawili, na kwamba nimewaandikia siku tatu zilizopita, na mmoja ameshampata mgonjwa aliyepotea. Yuko hai. Kwa hiyo ile "nadhani" yangu ilikuwa ya uongo, Dada, kama ulivyosema.

Hawakuichagua. Mwenyekiti alinisindikiza hadi mlangoni akaniambia walikuwa wameshakubaliana kuichagua kabla sijaingia. Sijui kwa nini aliona lazima nijue. Nilikaa kwenye ngazi nikaona aibu, kisha njaa, na njaa ikanishangaza.

Benki wamekubali kunirudisha. Jioni naendelea na programu, kwa ajili yako na wale wawili. Sasa tarehe inatokea kwa kalenda zote mbili, mwezi umeandikwa kwa jina, na ikiwa mgonjwa wa kila mwezi amepangiwa mbali, mashine inasimama na kuuliza.

Mzee wa Kutaber nitamtafuta mwenyewe nikija Fasika. Kuku asiwe mdogo.

Dagim

—

Dessie, 25 Megabit 2011

Mdogo wangu Dagim,

Nimeiona tarehe ya barua yako. Nimeisoma mara tatu kabla ya kusoma kingine.

Mvua ndogo zimeanza. Mbuzi wa jirani ameuzwa, shuka zangu zina amani. Kuku nimeshamchagua, ni mkubwa na ana kiburi.

Usipite Kutaber. Tumepata habari za yule mzee. Nitakuambia ukiwa umekaa mbele yangu. Miaka yote nimekufundisha kwamba jambo la maana huandikwa, na hili moja limenishinda.

Leo ndiyo siku ambayo mashine ilikuwa imempangia Hayat. Nilimwita leo kwa makusudi, sikutaka siku hii ipite yeye akiwa peke yake nyumbani. Alikuja akishikwa na mumewe, ngazi tatu za mlangoni zilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa jinsi alivyokunja uso. Damu yake iko sawa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vinacheza. Maneno yanarudi moja moja, na mengi yake ni ya kumgombeza mumewe.

Alipomaliza kwangu alikwenda dirishani kwa Mama Bosena, akasimama pale pale aliposimama siku ile. Akavuta neno kwa shida, akauliza arudi lini.

Mama Bosena aliandika kwenye mashine, akaandika kwenye daftari, akaandika kwenye kijikaratasi. Tarehe ishirini na tano, Miyazya, mwezi ujao. Akamfumbatisha hicho mkononi, mkono ule wa kulia, akaushikilia.

"Umesikia, mwanangu. Siku hiyo, au siku yoyote. Na nikikuambia jina lako halimo, nipite uingie."

Dada yako,
Askale